Timu si Chama

Siku hizi mtu akilalamika mbele ya wenzake kwamba chama cha mpira wa kikapu cha nchi yake kimezorota, hachelewi kujibiwa kwa maneno mawili: Sudan Kusini. Jibu hilo hutolewa kwa uhakika wa mtu anayetaja dawa iliyokwisha kumponya jirani. Ati tafuteni mtu mmoja aliyecheza Marekani, mwenye jina na fedha zake, mkabidhini chama, kisha kaeni mtazame. Nimelisikia jibu hilo barazani, nimelisikia redioni, na nimelisikia vinywani mwa watu ambao ningetarajia wafikiri zaidi. Ningependa kulichunguza hapa, kwa sababu naona kisa hicho kimesimuliwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo ingetufaa sisi Wakenya.

Kwanza mwenyewe apewe haki yake. Luol Deng alizaliwa Wau mwaka 1985. Familia yake ilikimbia vita ikaenda Misri, na huko alifundishwa mchezo na Manute Bol, yule Mdinka mrefu kupita kiasi aliyekuwa ametangulia kucheza Marekani. Kutoka Misri walihamia London, na baadaye kijana akavuka kwenda Marekani, akapitia Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2004 akaingia Chicago Bulls. Mwaka 2012 aliichezea Uingereza katika Olimpiki ya London. Alistaafu mwaka 2019, na mwishoni mwa mwaka huohuo akakubali kuwa rais wa shirikisho la nchi ambayo ilikuwa na miaka minane tu tangu kupata uhuru, na miaka sita tangu shirikisho lake likubaliwe kuwa mwanachama wa FIBA.

Mwezi Januari 2020 timu yake ilikuja Nairobi kucheza michuano ya awali ya kutafuta nafasi katika mashindano ya Afrika. Kocha alikuwa ni yeye mwenyewe Deng. Kenya iliwashinda. Hili watu wamelisahau kabisa: mwanzo wa safari yao walifungwa na sisi, hapa hapa kwetu. Ilikuwa ni baada ya Algeria kujitoa ndipo Sudan Kusini wakapewa nafasi ya kuendelea. Mwaka uliofuata, 2021, tulikutana nao tena Kigali, katika mechi ya kuwania robo fainali ya Afrika, wakatushinda 60 kwa 58. Pointi mbili, yaani kikapu kimoja. Kisha wao wakaendelea kupanda. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2023 waliifunga China 89 kwa 69, wakaifunga Ufilipino, wakaifunga Angola 101 kwa 78, na ushindi huo wa mwisho ukawapa tiketi ya Olimpiki kama timu bora ya Afrika. Tarehe 20 Julai 2024, mjini London, waliitangulia Marekani kwa pointi 16 katika mechi ya kirafiki, na ilibidi LeBron James mwenyewe aende hadi chini ya kikapu sekunde za mwisho ndipo Marekani wakaponea kwa 101 kwa 100. Siku nane baadaye, katika Olimpiki yenyewe, waliipiga Puerto Rico 90 kwa 79, baada ya kusimama uwanjani wakisikiliza wimbo wa taifa usio wao, maana wenyeji walikuwa wamepiga wimbo wa Sudan, nchi waliyopigana nayo miongo mingi ili wajitenge nayo. Walisimama wima, mikono vifuani, hadi kosa likarekebishwa. Sidhani kuna mtu wa ukanda huu aliyeiona picha ile asisisimke.

Yote hayo ni kweli, na mimi ni miongoni mwa waliosisimka. Lakini tukisema kwamba Deng “alijenga upya shirikisho”, neno hilo linahitaji kuangaliwa. Kilichojengwa ni timu. Timu na chama ni vitu viwili, na matatizo mengi ya michezo katika nchi zetu yanatokana na kuvichukua kuwa kimoja.

Tazama timu yenyewe ilivyoundwa. Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum akalelewa New Hampshire. Marial Shayok ni mzaliwa wa Ottawa. Wengine walikulia Australia, katika miji iliyowapokea wakimbizi wa vita. Carlik Jones, ambaye siku ile ya London alipata pointi 15, akanyaka mipira 12 na kutoa pasi 11 za kufungisha, ni Mmarekani wa Ohio aliyepewa uraia ili acheze. Khaman Maluach, kijana aliyechaguliwa wa kumi na klabu za Marekani mwaka 2025, alizaliwa Rumbek lakini mchezo aliujulia Kampala, kisha akapelekwa kwenye shule maalumu ya mchezo huo kule Senegal. Hakuna ubaya wowote katika orodha hiyo. Ni historia ya watu waliotawanywa na vita. Lakini mjue maana yake: gharama ya kuwalea wachezaji wale, yaani kumbi, walimu, viatu, madaktari, ligi za watoto, ililipwa na shule za Australia, Kanada, Marekani na hata Uganda. Timu ilipokwenda Olimpiki, Juba haikuwa na uwanja mmoja wa ndani wa mpira wa kikapu. Vijana wanacheza nje, juani, na mvua ikinyesha mchezo unakwisha.

Kwa hiyo kazi ya Deng ilikuwa kukusanya. Sisemi kwamba kukusanya ni kazi ndogo. Kumpigia simu kijana wa miaka 22 aliyeko Melbourne, ambaye hajawahi kuiona nchi ya babake, na kumfanya akubali kuacha likizo yake bila malipo ya maana, ni jambo ambalo katibu mkuu wa kawaida hawezi. Anayepigiwa lazima amwamini anayepiga. Inasemwa sana kwamba Deng alitoa fedha zake mwenyewe kulipia ndege na hoteli, na ni kweli alitoa. Lakini nadhani fedha ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Jambo kubwa ni kwamba mchezaji alijua rais huyu hana haja ya kula posho yake. Aliyekwisha kulipwa mamilioni ya dola na klabu za Marekani hatapigania dola hamsini za mchezaji. Katika nchi zetu hilo peke yake ni mapinduzi.

Sasa niwakumbushe mfano wa zamani kidogo. Mwaka 1996 timu ya wanawake ya Zaire ilikwenda Olimpiki ya Atlanta. Nchi ilikuwa inaporomoka. Mobutu alikuwa anaugua, na mashariki vita vilikuwa karibu kulipuka. Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa aliyekuwa akicheza Marekani, akatoa fedha zake, wale dada wakapata sare na gharama zao. Walicheza, walifungwa mechi zao zote, wakarudi nyumbani. Tangu hapo hadi leo timu ile ya wanawake haijarudi Olimpiki, si kwa jina la Zaire wala la Kongo. Lakini Mutombo huyohuyo alijenga hospitali Kinshasa, akaipa jina la mama yake, Biamba Marie, ikafunguliwa mwaka 2007 ikiwa na vitanda 300. Mutombo alifariki mwezi Septemba 2024, na hospitali ipo. Nimeitafakari sana tofauti ya zawadi hizo mbili zilizotoka mfuko mmoja. Moja ilikuwa ukarimu kwa msimu mmoja. Nyingine ina wauguzi, ina stoo ya dawa, ina mtu anayefungua mlango asubuhi hata kama mwenye jina hayuko.

Wapenzi wa Deng watanijibu kwamba yeye hakutoa fedha akiwa mbali, bali aliingia ofisini. Jibu hilo ni zuri, na ndilo linalonifanya nisimweke kundi moja na wafadhili wa kupita. Lakini kuingia ofisini ni mwanzo wa swali, na hapo ndipo masimulizi yetu hukatika.

Maana chama ni kitu gani hasa? Kwa miaka sita nilikuwa mweka hazina wa chama cha mpira wa kikapu cha mkoa mmoja, ambacho sitakitaja. Mali yetu yote ilikuwa mipira minne, daftari la klabu, kitabu cha risiti na mhuri wa mpira. Katika vitu hivyo vinne, kilichogombewa ni daftari na mhuri. Mipira haikumshughulisha mtu. Ulipokaribia uchaguzi, daftari lilinenepa: zilizuka klabu ambazo hazikuwa na mchezaji hata mmoja, wala jezi, wala mahali pa kufanyia mazoezi, lakini zilikuwa na barua yenye mhuri, na barua ilikuwa na kura. Uchaguzi ukiisha, klabu zile zilikufa hadi uchaguzi mwingine. Mwenyekiti alikuwa akiutunza mhuri ndani ya gari lake, na gari hilo likienda matengenezo, ligi ilisimama, kwa kuwa hakuna fomu ya kumhamisha mchezaji iliyoweza kupita bila mhuri. Nilipeleka taarifa ya fedha kila mwaka. Ilisomwa, ikapigiwa makofi, na wala hakuna aliyeuliza swali. Waamuzi walichezesha mechi za Jumamosi wakaahidiwa nauli Jumatatu.

Hicho ndicho chama: ni nani aliyeandikishwa, ni nani anapiga kura, mwamuzi analipwa lini, kalenda inachapishwa mwezi gani, na akija mwingine baada yangu atakuta nini mezani. Mambo hayo hayana picha gazetini. Ndiyo maana tunapenda kuyaruka na kwenda moja kwa moja kwa LeBron James.

Tanzania, jirani zetu, wangeweza kutuonya mapema. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika Marekani nzima, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Hakuna Mwafrika Mashariki aliyewahi kuchaguliwa juu zaidi. Ikiwa dawa ni kupata mtu mmoja aliyefika Marekani, basi Tanzania ilikuwa nayo miaka kumi kabla Sudan Kusini haijaanza. Simlaumu Thabeet hata kidogo. Mchezaji ni mchezaji, hakuapa kuwa kiongozi. Ninalosema ni kwamba mtu mrefu akipita nyumbani, nyumba haiongezeki kimo.

Na hata Wamarekani, ambao hutajwa kama walimu wa yote, kisa chao kinasomwa vibaya. Mwaka 2002 walimaliza wa sita katika mashindano ya dunia yaliyofanyika kwao, Indianapolis. Mwaka 2004, Athens, Puerto Rico iliwafunga 92 kwa 73, wakatoka na shaba. Mwaka 2005 walimkabidhi Jerry Colangelo mamlaka ya kuchagua timu peke yake, badala ya kamati. Akamleta kocha Krzyzewski na kuwataka wachezaji waahidi miaka mitatu. Mwaka 2006 Ugiriki bado iliwafunga 101 kwa 95. Mwaka 2008 wakachukua dhahabu Beijing. Watu husema: mnaona, mtu mmoja mwenye nguvu. Lakini kilichokuwa kibovu Marekani kilikuwa ni namna ya kuchagua na kuandaa timu. Chini ya timu, kila shule ya sekondari ilikuwa na ukumbi wake, kocha wake na ratiba yake, na hakuna kimoja kati ya hivyo alichohitaji Colangelo kukijenga. Alirekebisha paa la nyumba yenye msingi. Deng naye, kwa njia ya ajabu, aliazima msingi huohuo, kwa kuwa wachezaji wake wametoka humo. Sisi tukimuiga bila kuwa na watoto waliotawanyika katika shule za Melbourne na Ottawa, tutaiga paa bila nguzo.

Nirudi basi nyumbani Kenya, ambako ndiko hoja yangu inaumia. Mwaka 1993 tuliandaa mashindano ya Afrika Nairobi na kushika nafasi ya nne. Ilituchukua miaka 28 kurudi katika mashindano hayo. Mwaka 2019, kule Bamako, timu yetu ilifika fainali ya AfroCAN na kupoteza kwa Kongo. Mwezi Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae alitupa mpira wa mwisho na kuifunga Angola 74 kwa 73. Angola, mabingwa wa Afrika mara kumi na moja wakati huo! Timu ilikuwa chini ya Liz Mills wa Australia, mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya taifa ya wanaume katika mashindano ya Afrika. Baadaye Kigali, ile 60 kwa 58. Mtu akizitazama namba hizi peke yake, mwaka 2021 Kenya na Sudan Kusini zilikuwa zinatoshana. Miaka mitatu baadaye mmoja alikuwa Olimpiki, mwingine alikuwa akiwatazama kwenye televisheni.

Wepesi wa maneno husema tofauti ni Deng. Mimi nadhani tofauti kubwa zaidi ni kwamba shirikisho lao lilikuwa changa, na letu ni kuukuu. Chama changa hakina watu wanaodai kiti kwa sababu walikikalia jana. Kwetu rais mpya angekuta daftari lililokwisha kunenepa miaka mingi. Hata awe na fedha za Deng na simu ya Deng, atachaguliwa na klabu zilezile na ataondolewa nazo.

Na wala njia ya amri ya serikali haitufai. Tumeijaribu katika kandanda. Mwezi Novemba 2021 waziri alilivunja shirikisho la kandanda kwa tuhuma za matumizi ya fedha, akaweka kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikatufungia, tukakaa nje ya mashindano hadi Novemba. Sisemi tuhuma zilikuwa za uongo au za kweli. Nasema kwamba baada ya kelele zote, daftari la klabu lilibaki kama lilivyokuwa, na waliopiga kura baadaye walikuwa walewale wa kabla. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilituletea Msajili wa Michezo ambaye kila chama lazima kiandikishwe kwake. Sheria hiyo ni nzuri kuliko sifa zake. Ingetosha msajili akienda Jumamosi moja, bila kutoa taarifa, kuangalia ni klabu ngapi kati ya zilizo kwenye karatasi ziko uwanjani.

Kuna jambo moja linalonipa shaka juu ya ukali wangu mwenyewe, na sharti nilitaje. Mwaka 2025, mjini Abidjan, timu ya wanawake ya Sudan Kusini iliingia mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza na kutoka na nafasi ya tatu. Kama kazi ya Deng ingekuwa ni kikosi kimoja cha wanaume wenye bahati, jambo hilo lisingetokea. Maana yake kuna mtu ofisini anayefanya kazi ambayo haionekani. Aidha, klabu ya Juba, Cobra Sport, ilikwisha kufika katika ligi ya klabu za Afrika mwaka 2022, miaka mitatu kabla ya Nairobi City Thunder kuwa klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Klabu haiokotwi Melbourne. Klabu ni ya mtaani, na huu ndio ushahidi ninaouheshimu kuliko ile pointi moja ya London.

Laiti waandishi wetu wanaokwenda Juba wangeacha kuuliza jinsi ilivyokuwa kumkaba LeBron. Wangeuliza ligi ya Wau huanza mwezi gani, na kama ilianza mwezi huo mwaka jana pia. Wangeuliza wasichana wa Rumbek wanacheza saa ngapi, kabla au baada ya wavulana kuchoka na uwanja. Wangeomba kuonyeshwa daftari la klabu na taarifa ya fedha ya mwaka ambao Deng hakutoa kitu, kama mwaka huo umekwisha kuwapo. Na hapa Nairobi wangeanza na maswali hayohayo, kabla hata ya kukata tiketi ya ndege.